Mama, Ufunguo wa Tovuti Yako Uko Mkononi mwa Nani?

Zamani mama aliyeoka mikate au kushona sare za kwaya aliweka kibao kando ya njia, akawaambia majirani, na habari zikatembea zenyewe hadi sokoni. Kibao bado kinafaa, na majirani bado wanafaa. Lakini siku hizi kamati ya harusi ikikaa, kabla hata chai haijamiminwa, yupo mjumbe ambaye ameshatoa simu yake na kuandika "mapambo ya harusi Morogoro" ili aone nani atatokea. Asipotokea mama wa pale pale mtaani atatokea mwingine wa mbali, na kazi itakwenda huko.

Ndiyo maana katika vikundi vyetu vya akina mama, tukishamaliza kuhesabu fedha za mchango wa wiki, swali linalorudi kila mara ni hili: je, na sisi tutengenezewe tovuti? Vijana wanatujia na bei zao. Mmoja anataja laki mbili, mwingine anataja milioni na zaidi, na wote wanaahidi kwamba wateja watamiminika. Kazi yetu sisi ni uuguzi, wala hatujidai kuwa mafundi wa kompyuta. Lakini tumekaa na akina mama wengi katika mambo haya, tukasoma nao mikataba na kuandika nao matangazo, kiasi cha kuona mahali ambapo fedha hupotea. Mara nyingi hazipotei pale mama anapodhani.

Nyumba ya kupanga na nyumba yako

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Tovuti ni kurasa zako mwenyewe zenye anwani yake, ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua bila kujiandikisha popote. Utaratibu huu wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, na mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu wote uutumie bila malipo. Ukurasa wa Facebook au Instagram ni kitu kingine. Pale wewe ni mpangaji. Hulipi kodi, ni kweli, lakini mwenye nyumba akibadili kufuli huna pa kushtaki.

Hili si jambo la kufikirika tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja, zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Kwa saa za kwetu ilikuwa tangu jioni hadi usiku wa manane. Mama ambaye oda zake zote, picha zake zote na namba za wateja wake wote zilikuwa humo alikaa gizani. Tena kwa miaka kadhaa Google iliwapa wenye biashara ndogo tovuti rahisi za bure. Mwezi Machi 2024 ikazizima. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye kadi na mifuko yao ya karatasi walibaki na kadi zisizompeleka mtu popote.

Hatusemi mtu aache kurasa hizo. Huko ndiko watu waliko, na mpangaji mwenye akili hufanya biashara nzuri katika fremu ya kupanga. Tunachosema ni kwamba asiweke humo kila alicho nacho. Namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi, picha nzuri za kazi zitunzwe pembeni, na ikiwa biashara ina uzito wa kutosha, iwe na anwani yake yenyewe.

Je, kila mama anahitaji tovuti? Hapana, na anayekwambia ndiyo huenda anatafuta ada yake. Mama anayeuza maandazi na chapati asubuhi pale kituoni hahitaji tovuti. Anahitaji maandazi ya moto na chenji. Lakini kikundi kinachopika kwenye sendofu na mikutano, mwenye shule ya chekechea, fundi wa nguo za harusi, mama wa batiki ambaye wateja wake wako Arusha na wengine wako nje ya nchi, hawa wanatafutwa na watu wasiowajua. Mtu asiyekujua hutaka kukuchunguza kwanza kabla hajakupigia simu, na tovuti humpa mahali pa kukuchunguzia.

Kabla ya kufika huko yapo mambo mawili yasiyo na gharama ambayo tungependa kila mama ayafanye kwanza. Moja ni WhatsApp ya biashara, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2018. Ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, na inaweza kumjibu mteja yenyewe kwamba umefunga, utamjibu asubuhi. Jambo hili ni dogo ila limeleta amani katika nyumba kadhaa tunazozifahamu. Mteja anayeuliza bei ya keki saa nne na nusu usiku, wakati baba watoto yuko mezani na mtoto ana homa, si lazima ajibiwe na wewe. Jambo la pili ni kuiandikisha biashara yako Google ili ionekane kwenye ramani, pamoja na saa za kufungua na namba ya simu. Andika na alama ambayo watu wanaijua, kwa mfano mkabala na zahanati au nyuma ya soko, maana mgeni wa mtaa hajui kusoma ramani kama unavyodhani.

Jina na ufunguo

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Yupo mama mmoja mwenye karakana ya ushonaji, cherehani nne na wasichana watano aliowafundisha mwenyewe. Kijana mmoja alimtengenezea tovuti nzuri, na kwa kweli ilimletea oda za sare za shule mbili. Mama akachapisha anwani ile kwenye kibao, kwenye lebo za nguo na kwenye vitabu vya risiti. Kila alipouliza habari za malipo ya mwaka au maneno ya siri, kijana alijibu kwa adabu, "Usijali mama, mambo yote yako kwangu." Hakudanganya. Mambo yote yalikuwa kwake kweli. Jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwa jina la kijana na kwa barua pepe yake. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa kijana akapata kazi mkoa mwingine, akabadili namba, na malipo ya mwaka hayakulipwa. Siku moja mwalimu mkuu akapiga simu kumwambia mama kwamba tovuti yake imetoweka. Lebo elfu moja zilikuwa zimeshashonwa kwenye mashati.

Kijana hakuwa mwizi, na hata wizi haukuhitajika. Jina la tovuti hukodishwa kwa mwaka, na lisipolipiwa hurudi sokoni ambapo mtu yeyote anaweza kulichukua. Kwa Tanzania majina ya biashara huishia na .co.tz, kwa Kenya .co.ke. Gharama ya jina ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kutengeneza kurasa, na pengine ndiyo sababu akina mama hawaliulizi. Lakini kurasa zikipotea zinaweza kutengenezwa upya. Jina likichukuliwa na mwingine, limekwenda.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata kianzio, keti na fundi wako umuulize jina litaandikishwa kwa jina la nani. Jibu liwe moja tu: jina lako, au la kikundi chenu kilichosajiliwa. Barua pepe itakayotumika iwe yako, na uhakikishe unaweza kuifungua mwenyewe kwenye simu yako. Uliza jina linaisha lini, uandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, ile iliyoandikwa tarehe za kliniki za watoto. Uliza pia kurasa zenyewe zinahifadhiwa katika kampuni gani, na risiti ya kampuni hiyo iko wapi. Maneno ya siri yaandikwe na yatunzwe mahali pamoja na hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Kama mnalo jina la biashara, liwe limesajiliwa BRELA kwanza, maana ni hasara kulipia tovuti yenye jina ambalo kesho utaambiwa ni la mwingine.

Jambo lingine: uliza ametumia programu gani. Ziko tovuti ambazo mtu mmoja tu duniani anajua kuzirekebisha. Programu kama WordPress, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003 na haiuzwi, inajulikana na mafundi wengi, hivyo huyu akihama mwingine ataendelea pale alipoachia. Hata hospitalini hatuandiki faili la mgonjwa kwa mwandiko ambao nesi wa zamu inayofuata hawezi kuusoma.

Mteja anataka kujua nini?

Tumeona tovuti zinazoanza na historia ndefu ya mwanzilishi, dira, dhamira, na picha ya ua jekundu linalozunguka. Mteja hakuja kwa hayo. Amekuja na maswali machache: unauza nini, kiasi gani, uko wapi, na nakupataje. Majibu hayo yaonekane kabla hajasogeza kidole. Namba ya simu iwe juu kabisa, na ikiguswa ipige.

Habari ya bei ina mabishano mengi. Wengi huandika "bei njoo pembeni". Wanaogopa washindani, au wanataka kumpima mteja kwanza. Sisi hatukubaliani nao. Mama mwenye bajeti ya kipaimara cha mwanawe, akikuta huna bei, hafikiri kwamba una siri nzuri ya biashara. Anafikiri wewe ni ghali, na anakwenda kwa mwingine. Kama bei hubadilika kulingana na kazi, andika inaanzia ngapi na kitu gani huiongeza.

Maneno nayo yana nguvu kuliko rangi. Mashine ya kutafutia haijui kwamba jina zuri ulilopewa na dada yako aliyeko Ulaya maana yake ni keki. Inasoma maneno yaliyoandikwa. Kama unaoka keki za kipaimara na za ndoa mjini Morogoro, basi maneno hayo yaandikwe kwenye kichwa cha ukurasa, kwa lugha ambayo mteja mwenyewe huitumia. Waulize wateja watano wa mwisho walichoandika walipokutafuta. Wakikwambia waliandika "keki nzuri Kihonda", wamekupa bure ushauri ambao wengine huulipia.

Picha zinastahili maelezo marefu kidogo. Futa kwanza lenzi ya simu, kwa maana simu ya mpishi ina mafuta, na picha nyingi tunazodhani zimepigwa na simu mbovu zimepigwa na lenzi chafu. Piga karibu na dirisha, asubuhi au alasiri, taa ya dari ikiwa imezimwa. Tandika kitambaa cha rangi moja. Khanga yenye maua mengi itashindana na keki yako. Usichukue picha ya keki ya mtu wa ng'ambo ukasema ni yako. Siku ya siku mteja atataka ileile, na harusi haina marudio.

Halafu picha zipunguzwe uzito kabla ya kuwekwa. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti 4. Weka kumi kama hizo kwenye ukurasa mmoja, na mteja wako amekula megabaiti 40 za bando lake kabla hajaona bei. Fundi anaweza kuishusha kila moja chini ya kilobaiti 200 bila macho ya kawaida kuona tofauti. Mwambie afungue tovuti hiyo mbele yako kwenye simu ya bei nafuu, nje ya ofisi yake yenye mtandao wa kasi, nawe uhesabu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo ukurasa mwepesi unaweza kufunguka na mzito ukashindwa, na namba ya simu ya kawaida humwokoa mteja pale WhatsApp inapozunguka tu.

Tangazo lisiumize mtu

Hapa tutazungumza kama wauguzi. Wapo akina mama wanaosaga unga wa lishe, na kazi yao tunaiheshimu. Lakini tunasikitika tunaposoma mtandaoni kwamba unga fulani unatibu kisukari, au unamfaa mtoto wa miezi mitatu. Mtoto anastahili maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, na tangu mwaka 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayozuia kutangaza vyakula kama mbadala wa maziwa hayo. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa kwa sababu ya tangazo anarudi kwetu akiwa na kidonda, au harudi. Andika kilichomo ndani ya mfuko, uzito wake, tarehe ya kusagwa na namna ya kupika. Kwa Tanzania mambo ya usalama wa vyakula na vipodozi yako chini ya TBS tangu mwaka 2019. Alama yao ukiipata, weka picha yake. Hiyo itakuuzia kuliko ahadi za uponyaji.

Vilevile picha za watu. Bibi harusi uliyempamba amekulipa akupendezeshe, hajakupa uso wake uutangaze. Watoto wa chekechea yako wana wazazi. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, omba ruhusa, na ikibidi iwe kwa maandishi. Akikataa, piga picha ya gauni kwa nyuma.

Matangazo ya kulipia na daftari

Facebook na Instagram hukuruhusu kulipia tangazo kwa kiasi kidogo cha fedha kwa siku. Si vibaya, ila weka kikomo, na chagua eneo. Mama wa mapambo wa Dodoma hana faida na watu mia tano wa Kampala waliopenda picha yake. Tunashauri ajaribu siku saba, kwa fedha ambayo hata ikipotea nyumbani watakula, kisha ahesabu oda. Ahesabu oda, si waliobonyeza moyo.

Ataijuaje oda iliyotokana na tangazo? Hapa ndipo linapokuja daftari. Kila mteja mpya aulizwe kwa upole, "Umetufahamu kupitia wapi?" na jibu liandikwe kwenye safu yake: tovuti, Google, Instagram, jirani, kanisani, kibao. Baada ya miezi mitatu jumlisha. Kikundi kimoja cha upishi kilifanya hivyo kikakuta kwamba kazi zake nyingi zilitokana na akina mama waliokula chakula chao kwenye misiba na sherehe, na tovuti ilikuja ya pili, kwa sababu wale waliokula walitafuta jina baadaye ili wapate namba. Walipoona hivyo walipunguza fedha za matangazo na kununua aproni zenye jina na anwani ya tovuti, wakavaa kila wanapopakua chakula.

Neno moja juu ya wizi. Ukipokea ujumbe wenye tarakimu 6, kisha mtu akakupigia akiomba umsomee tarakimu hizo, hata akijiita mhudumu wa mtandao, au mtumishi mwenzako wa kanisani ambaye namba yake imeshaibwa tayari, usimsomee. Anataka kuhamisha WhatsApp yako kwenye simu yake, na baada ya dakika chache wateja wako watakuwa wanaombwa kianzio cha keki na mtu usiyemjua. Ndani ya WhatsApp ipo sehemu ya kuweka namba yako ya siri ya pili. Iweke leo, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Kama fundi ni mwanao

Baadhi yetu tuna vijana nyumbani wanaoishi kwa kazi hizi za kutengeneza tovuti, wakijitegemea bila mwajiri. Mama anamwona mwanawe amekaa na kompyuta hadi usiku na hajui amsaidieje. Anaweza kumsaidia sana kwa yale anayoyajua kutoka biashara yake mwenyewe. Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: kurasa ngapi, zitakamilika lini, masahihisho mara ngapi. Vijana wengi huumia hapo, kwa sababu mteja hurekebisha rangi mara kumi na tano kwa bei ileile. Apokee kianzio kabla ya kuanza, kwa kawaida nusu, kama fundi cherehani anavyofanya. Asimtoze shangazi bei ya chini kwa aibu kisha aiache kazi yake nusu. Ni afadhali amwambie bei, na punguzo lionekane kwenye risiti.

Na siku ya malipo ya mwisho aketi na mwenye biashara dakika chache, amfungulie barua pepe yake, amwonyeshe mahali jina lilipoandikishwa, na mama yule abadilishe neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, kijana akiwa ametazama pembeni.